Kutoboa madigadi ya mbele ili oili ipoe: inasaidia kweli?

Ukichuchumaa mbele ya pikipiki yenye kipoza oili, ile rejeta ndogo inayofungwa mbele ya injini, mara nyingi hata huioni vizuri, unachoona ni madigadi imekaa katikati kama mtu aliyesimama mlangoni. Na hapo ndo wazo linakuja lenyewe, yeyote aliyewahi kushika drili linamjia: nikitoboa hapa si upepo utapita moja kwa moja? Mi nilitoboa. Matundu 10 ya milimita 20, mistari miwili imenyooka, nikapiga msasa, nikarudisha, nikaenda njia yangu ileile na kipimajoto cha oili kiko pale, na joto likakaa palepale lilipokuwa jana yake. Pikipiki ya pili nilienda tofauti na digrii zikashuka, ila sehemu kubwa ya hizo digrii wala haikutoka kwenye madigadi, na ndo maana naandika haya yote maana naona watu wanaendelea kukata plastiki bila kujua wanatafuta nini.

Tuanze na oili kidogo. Wengi tunaichukulia kama kitu cha kulainisha tu, lakini kwenye injini isiyo na maji oili ndo maji yenyewe, inapita chini ya pistoni na kwenye kichwa cha silinda, inabeba joto, inakwenda kulitupa. Suzuki walilifanyia kazi wazo hilo waziwazi mwaka 1985 kwenye GSX-R750, walikuwa na oili inayorushwa kwa nguvu chini ya pistoni na juu ya vyumba vya kuchomea mafuta, alafu rejeta ya oili mbele, ili wakwepe uzito wa mfumo wa maji. DR650 yao nayo ina kipoza oili pamoja na madigadi ndefu ya juu ya pikipiki za matopeni. Royal Enfield Himalayan iliyotoka 2016 ndo kabisa, ina kipoza oili na madigadi mbili mbele, moja inabana tairi na nyingine iko juu chini ya taa. Yaani injini inaomba upepo na mbele yake kuna mapambo mawili yamejipanga.

Joto zuri la oili kwa injini nyingi liko kati ya digrii 90 na 110. Ikipanda 120 kwenye mlima mrefu sio msiba. Ikizoea kukaa 130 na kuendelea hapo mambo mawili yanatokea, moja la papo hapo na lingine la polepole. La papo hapo ni wepesi: oili ya 10W-40 ikipimwa kwenye digrii 100 inatakiwa unene wake uwe kati ya sentistoki 12.5 na 16.3, ukiipeleka 130 unene unashuka karibu nusu, kwahiyo ule utando unaotenganisha chuma na chuma unakuwa mwembamba. La polepole ni kuoza kwa oili yenyewe, kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipanda digrii 10 kasi ya oili kuungana na oksijeni inakuwa kama mara mbili. Kwahiyo digrii 10 sio kitu kidogo, hata 5 nazitaka.

Sasa upepo, na hapa ndo tunapotea, maana tunaifikiria hewa kama maji ya bomba, ukifungua tundu inamiminika yenyewe. Hewa haina haja na tundu lako. Kinachoipitisha kwenye rejeta ni tofauti ya presha, mbele ya rejeta presha iwe kubwa kuliko nyuma yake, basi, hakuna siri nyingine. Na presha yenyewe inayotokana na mwendo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa km 30 kwa saa, upepo ukizuiwa usimame kabisa unatoa paskali kama 42, hiyo ni sawa na kuinua maji kwenye mrija milimita 4 tu. Km 60 kwa saa inafika paskali 167, milimita 17 za maji. Km 100 kwa saa ni paskali 463, milimita 47. Umeona inavyoruka? Mwendo ukiongezeka mara mbili presha inaongezeka mara nne. Ndo maana pikipiki inayochemka kwenye foleni hutaiponya kwa msumeno. Ukiwa umesimama presha ni sifuri, na sifuri ukiipitisha kwenye matundu 10 au 100 inabaki sifuri. Shida yako ikiwa ya foleni unatafuta feni, au unazima injini, au unaangalia kwa nini injini inatoa joto jingi kuliko kawaida, lakini madigadi iache ilivyo.

Alafu kuna kitu kingine kinachowakatisha tamaa watu. Rejeta yenyewe inaipinga hewa, yale mapezi membamba yamebanana, na upinzani unapanda haraka kadiri hewa inavyokimbia. Ukifanikiwa kuongeza presha mbele ya rejeta mara mbili, hewa inayopita haiongezeki mara mbili, kwenye hali mbaya inaongezeka kama mara 1.4. Na hewa ikiongezeka mara 1.4 joto linalotoka nalo haliongezeki kiasi hichohicho, linaongezeka pungufu ya hapo. Kwahiyo mtu akikwambia alitoboa matundu mawili oili ikashuka digrii 30, muulize alipima na nini.

Tuchukue rejeta ya kawaida, upana sentimita 20 kimo sentimita 10, uso wake ni sentimita za mraba 200. Hewa ikipita humo kwa mita 5 kwa sekunde unapata kama kilo 0.12 za hewa kila sekunde, na kama hewa hiyo inatoka nyuma imepata joto zaidi kwa digrii 20, umetupa kilowati 2.4 za joto. Hiyo ni kama birika la umeme linalochemsha maji muda wote bila kuzimwa. Sasa njoo kwenye matundu yangu 10 ya milimita 20. Kila moja ni sentimita za mraba 3.14, yote 31, yaani asilimia 16 tu ya uso wa rejeta. Na tundu lenye kingo kali halipitishi hewa kwa eneo lake lote, mkondo unajikunja na kuwa mwembamba ukitoka upande wa pili, unahesabu kama asilimia 60 hivi, kwahiyo nimebaki na sentimita 19 kati ya 200. Nilijisifu bure pale.

Lakini hata hiyo haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa niliiona wiki mbili baadae nikiwa nimekaa chini na tochi, na niliona aibu. Niliwasha tochi nyuma ya madigadi nikaangalia matundu yangu kwa mbele, nikaona mpira. Nyuma ya matundu kulikuwa na tairi! Madigadi ile ilikuwa ya chini, ile inayobana tairi, na mi nilitoboa mbele pale panapotazama upepo nikidhani nafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, kumbe nafungua njia ya kwenda kwenye tairi. Upepo unaingia tunduni, unakutana na mpira unaokuja mbele kwa kasi ileile ya pikipiki, safari imeishia hapo.

Kwahiyo kabla ya drili kuna zoezi la bure. Simamisha pikipiki wima, usukani umenyooka, simama mbele yake kama mita tatu, chuchumaa mpaka macho yawe usawa wa rejeta. Unaiona kiasi gani? Kwenye pikipiki nyingi sehemu kubwa ya katikati inazibwa na tairi, pembeni zinazibwa na miguu ya shokapu, na madigadi inaziba kipande tu. Kile kipande ndo mali yako yote unayoweza kukomboa. Kama rejeta imejificha nyuma ya tairi, hata ukiitupa madigadi nzima bado kuna tairi, na tairi hulitoboi. Sio kwamba nyuma ya tairi hakuna hewa, ipo, inazunguka inapindapinda, ila imeshapoteza nguvu, ni hewa iliyochoka.

Zoezi la pili ndo lenye uamuzi, na ndo ningemwambia mtu mmoja akae nalo hata akisahau mengine yote: itoe madigadi kwanza. Yote. Siku kavu, barabara safi isiyo na kokoto wala magari, endesha njia ileile kwa gia ileile na mwendo uleule, uende na urudi ili upepo wa siku hiyo ujifute, andika joto la oili na joto la hewa, alafu irudishe urudie. Linganisha tofauti kati ya oili na hewa, sio joto la oili peke yake, maana asubuhi na mchana havifanani. Ukikuta bila madigadi oili imeshuka digrii 3, basi umeshajua dari ya hiyo kazi, karibu hakuna tundu litakalokupa zaidi ya kuiondoa madigadi nzima. Imeshuka 10, haya, kuna kitu cha kutafuta. Na zipo pikipiki ambazo ukitoa madigadi joto linapanda, usishangae, maana mkia wa madigadi ulikuwa unafanya kazi ya kuelekeza hewa kwenye rejeta bila wewe kujua, mtu wa namna hii akitoboa anajiharibia mwenyewe.

Ila sikiliza hapa. Kwenye pikipiki nyingi za barabarani madigadi ya mbele imefungwa pamoja na daraja la chuma au alumini linaloshika miguu miwili ya shokapu isicheze kila mmoja kivyake. Hilo daraja sio pambo. Kama yako inatoka pamoja na daraja, hilo jaribio la kuendesha bila madigadi usilifanye, au uache daraja utoe plastiki tu. Na angalia mpira wa breki na waya wa sensa ya mwendo, mara nyingi vimeshikwa na vibano kwenye madigadi, ukiitoa vinabaki vinaning'inia karibu na tairi. Vifunge kwanza.

Kupima joto nako kuna mitego. Kile kipimajoto cha kulenga kama bastola kinadanganyika na alumini inayong'aa, kitakuonyesha joto la chini kuliko la kweli, kwahiyo bandika kipande cha utepe mweusi au paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa pale unapotaka kupima. Bora zaidi ni sensa inayokaa kwenye oili yenyewe, kuna zinazofungwa mahali pa bolti ya kumwagia oili. Pima pia mpira unaoingia kwenye rejeta na unaotoka. Mpira wa kuingia ni moto na wa kutoka umepoa kama hewa ya nje, basi oili haipiti humo au inapita kwa tabu, huna shida ya upepo, una shida ya kuziba au themostati, ile vali inayoifungulia oili njia ya rejeta ikipata moto, imegoma. Yote miwili moto karibu sawa na oili imeshapitiliza, hapo ndo unaanza kushuku hewa.

Ukitaka kuiona hewa yenyewe, gundisha vipande vifupi vya uzi wa sufu juu ya madigadi na kuzunguka rejeta, kamera ndogo ikichukua picha za video ukiwa unaendesha. Uzi uliolala umetulia hapo hewa inapita vizuri. Uzi unaocheza ngoma au unaogeuka kutazama mbele, hapo hewa imevurugika. Mi nina mrija wa plastiki unaoonyesha, nimeukunja kama herufi U, nikatia maji yenye rangi kidogo, ncha moja nikaipeleka mbele ya rejeta na nyingine nyuma yake. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili kwa milimita, zidisha mara 10, hizo ndo paskali zako. Ukiulaza mrija ukabaki na mteremko mdogo tu maji yanasogea mbali zaidi na inakuwa rahisi kusoma. Usijaribu kusoma huku unaendesha, acha kamera isome.

Na mrija huo ndo ulionipa jibu ambalo sikulitegemea. Kwenye pikipiki ya pili mbele ya rejeta presha haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa nyuma. Nyuma ya rejeta kulikuwa na injini karibu vidole viwili, pembeni kulikuwa na vyuma vya kinga ya kuanguka nilivyoviongeza mwenyewe pamoja na vibegi viwili vidogo nilivyovifunga kwenye hivyo vyuma kwa raha zangu, hewa ikishapita kwenye mapezi inakosa pa kwenda, inajaa pale, presha ya nyuma inapanda, mpaka tofauti inakaribia kufutika. Ni kama chumba chenye dirisha moja, upepo unavuma nje na ndani hamna kitu, mpaka ufungue dirisha la pili. Nikahamisha vibegi. Dakika mbili za kazi, hakuna drili, oili ikashuka digrii 5 kwenye mlima ninaoujua.

Kitu cha pili ni pembeni za rejeta. Hewa ni mvivu, ikikuta njia mbili, moja imebanwa na mapezi na nyingine ni uwazi wa sentimita tatu kati ya rejeta na fremu, inachagua uwazi. Ukikata vipande viwili vya bati jembamba la alumini au plastiki, ukaviweka kama masikio pembeni mwa rejeta vikitazama mbele, ile hewa iliyokuwa inakwepa inalazimika kupita. Hayo masikio yalinipa digrii 4 nyingine. Madigadi yenyewe, baada ya kuikata kwa akili safari hii, ilinipa 2.

Haya, tufike kwenye kukata basi, maana wapo ambao jaribio la kuitoa limewapa jibu zuri na wana haki ya kukata.

Kwanza jua tairi linarusha nini wapi. Chora duara kwenye karatasi, pikipiki inaelekea kulia. Tairi linazunguka, chini kabisa mpira unakwenda nyuma ukilinganisha na pikipiki, upande wa nyuma unapanda juu, juu kabisa unakwenda mbele. Maji na kokoto vinaachia tairi kwa mstari ulionyooka kufuata mwelekeo wa mpira pale vilipoachia. Kwahiyo tope linaloachia pale nyuma usawa wa ekseli linapanda moja kwa moja juu, na linaloachia kwenye robo ya chini nyuma linaruka kwa mshazari, nyuma na juu, yaani kule kule injini na rejeta ziliko. Mkia wa madigadi ya chini upo kwa ajili ya hicho kitu. Ukiufupisha ili hewa ipite, kokoto nazo zinapata ruhusa. Jamaa yangu mmoja alikata mkia wa kwake kama sentimita 6, kokoto ya ukubwa wa punje ya haragwe ikagonga mrija wa rejeta, ukapasuka ufa mdogo kama unywele, oili ikaanza kutoka kama jasho, na oili inayotoka pale upepo unaipeleka nyuma kwenye tairi la nyuma. Alijua pale tairi lilipoteleza kwenye kona, bahati alikuwa polepole. Kwahiyo ukikata mkia weka wavu mbele ya rejeta, na wavu nao una gharama yake: waya wa nusu milimita uliopangwa kila milimita 5 unaacha wazi asilimia 81, waya wa milimita 1 kila milimita 6 unaacha 69. Chukua waya mwembamba, na uuweke mbali kidogo na mapezi, usigusane nayo, maana tope likinasa hapo umejenga ukuta.

Kwa madigadi ya chini basi, mi naona mbele ipo tu, usiiguse, nyuma yake kuna tairi. Panapolipa ni mabawa ya pembeni upande wa nyuma, yale yanayotanuka nyuma ya miguu ya shokapu, maana hewa safi inayopita pembeni ya tairi inagongana nayo. Ukiyapunguza upana kidogo kidogo, milimita 10 kila upande alafu unapima, hewa inapata njia ya kukunja kuingia kwenye rejeta, na mkia wa katikati unaoshika kokoto unabaki.

Madigadi ya juu ni hadithi nyingine na huko ndo kutoboa kuna maana zaidi. Ile imeinuka mbali na tairi, mbele imechongoka, nyuma inapanda kuelekea kwenye shina la usukani, na ile sehemu inayopanda inatazama upepo uso kwa uso, hewa inajikusanya pale. Mpasuo ukiwa hapo, na ukichungulia kupitia humo unaiona rejeta, basi umepata mahali. Usipoiona rejeta, hewa itaingia na kutawanyika huko ndani, itapoza waya za taa. Tengeneza mipasuo mirefu myembamba kukaa kwa upana, sio matundu madogo madogo, maana kwa eneo lilelile mpasuo una kingo chache na unapitisha vizuri zaidi. Na ukiweza kuinamisha mdomo wa mpasuo uwe kama kibao cha dirisha la mbao, kile cha kushuka, hewa inaingia na tope linalopanda kutoka kwenye tairi linagonga kibao linarudi chini. Kuna wanaochonga ule mdomo wa pembetatu wa kwenye magari ya mashindano, unaitwa NACA, ulibuniwa na watafiti wa ndege wa Marekani miaka ya 1940. Unapendeza, sikatai, lakini unataka hewa iliyotulia inayoteleza juu ya bati pana, ndo kazi uliyozaliwa nayo, na juu ya madigadi ya pikipiki hiyo hewa huipati.

Kuna wengine hawakati, wanainua tu. Wanaweka washa, vile vipete vya kukaa kwenye bolti, nene za milimita 10 chini ya kila bolti ya madigadi ya juu na bolti ndefu zaidi, mlango wa hewa kati ya tairi na madigadi unapanuka. Mi naipenda hii kwa sababu ukikosea unairudisha.

Kwenye kukata plastiki, geuza madigadi uangalie chini yake kuna maandishi madogo. PP ni polipropilini, laini, inapinda bila kuvunjika, inakatwa vizuri kwa kisu kikali au msumeno mdogo, ila gundi na rangi haviishiki bila dawa ya kutangulizia, kwahiyo ukikosea kuziba ni kazi. ABS ni ngumu zaidi, inapakika rangi, ila inapasuka. Faibagilasi na kaboni vinatoa vumbi la kuwasha ambalo hutaki kulivuta, vaa barakoa, mwagia maji unapokata. Bati la chuma ukilikata lipake rangi kingo siku hiyohiyo.

Na kona, jamani, kona. Madigadi inatikisika muda wote, kila nguvu inayopita kwenye plastiki inajibana ikifika kwenye kona kali na ufa unaanzia hapo. Hata pembeni ya tundu la duara tu mkazo unafika mara tatu ya kawaida, sasa kona iliyokatwa kwa kisu ni zaidi ya hapo sana. Kwahiyo kila mpasuo anza kwa kutoboa tundu la duara kila mwisho, milimita 8 au 10, alafu unganisha kwa msumeno. Piga tupa, alafu msasa, mpaka ukipitisha kidole kingo hazikwaruzi, maana kila mkwaruzo uliobaki ni ufa unaosubiri. Acha nyama ya kutosha karibu na matundu ya bolti, mi siingii ndani ya sentimita 3 kutoka kwenye bolti yoyote. Usiruke hatua ya mwisho kabla ya kuendesha: bana shokapu za mbele mpaka chini kabisa, kwa mkanda wa kufungia mizigo ukivuta usukani na ekseli, uone kama kuna kibao au bolti inayogusa tairi, na ukumbuke tairi linaokota mawe kwenye meno yake, nafasi ya kupita karatasi haitoshi. Zungusha usukani pande zote mbili ukiwa umebana hivyohivyo.

Angalia pia sheria za unakoendesha, sehemu nyingi madigadi ni lazima na kuna zinazosema ifunike tairi kiasi gani.

Najua kuna atakayesoma mpaka hapa alafu akachukua drili palepale, kwahiyo niseme tu vitu ambavyo ningeviangalia kabla, haraka haraka. Mapezi ya rejeta yakiwa yamejaa tope na wadudu au yamelala, yaoshe kwa maji ya presha ndogo kutokea nyuma na uyanyooshe kwa kitu chembamba, mashine ya kuoshea magari ukiisogeza karibu inayalaza yote. Kiwango cha oili. Mafuta na hewa kwenye kabureta au mfumo wa sindano, mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi injini inachemka. Breki inayobana, klachi inayoteleza. Nimeona pikipiki iliyokatwa madigadi mpaka ikatia huruma na tatizo lilikuwa breki ya nyuma haiachii.

Na usivuke mpaka upande wa pili. Oili nayo inataka kupata moto, ikifika kama digrii 100 ndo unyevu na petroli iliyochuruzika ndani yake vinatoka, ukiipoza mpaka ikakaa 60 safari nzima maji yanabaki humo na unakuta ule ute mweupe kama maziwa kwenye kifuniko cha kujazia. Kama hakuna themostati kwenye mfumo wako na kuna msimu wa baridi kali, kipande cha plastiki unachoweza kukibana juu ya nusu ya rejeta kinatosha. Mi ninacho chini ya kiti, kimekatwa kutoka kwenye ile madigadi ya kwanza yenye matundu 10, na ndo kazi pekee ya maana iliyowahi kuifanya.